Viti vya Harusi na Mkono wa Mzee Shee

Kazungu na Zuhura, mmenisumbua. Kila asubuhi nikifungua simu nakuta ujumbe wenu. Mama Rayyan, rudi walau ushike zamu ya Jumanne. Mama Rayyan, basi kama hurudi, tuandikie kumbukumbu zako za kazini, ziwe tamu, za kututia moyo. Tamu kanunueni halwa. Mimi nitaandika yaliyotokea, na jibu la hiyo zamu ya Jumanne mtalikuta mwisho, kwa hivyo msirukeruke kama mnavyoruka maelezo ya kuosha vichupa.

Kwanza, ndiyo, nimestaafu. Najua mtu wa umri wangu anayestaafu ni mchezaji mpira peke yake. Lakini keki mlinikatia, hotuba mlinisomea, na saa ya ukutani mlinipa, ambayo imeshasimama. Kama huko si kustaafu, sijui ni nini. Nina watoto wawili na kivuko kimoja, na katika hivyo vitatu hakuna hata kimoja kinachojali natakiwa kazini saa ngapi. Vyeo na mshahara sitavizungumzia, kwa kuwa navyo havikuwahi kunizungumzia mimi.

Siku ya kwanza nilitoka Likoni na cheti changu cha kidato cha nne na viatu vya dada yangu. Maabara ilikuwa palepale ilipo leo, upande wa Port Reitz, nyuma ya ghala la matairi. Ndege ikipita kwenda kutua, vichupa vyote rafuni vinagonganisha meno. Nilidhani nimekuja mahali pa maana sana. Nikamkuta Dakta Wekesa, mkubwa wetu, anatembea mbio na karatasi mdomoni. Akaitoa karatasi, akasema, "Sasa," akairudisha mdomoni, akapita. Hiyo ndiyo salamu yake mpaka leo, nyinyi mnamjua. Kwao bara labda inatosha.

Aliyenipokea ni Mzee Shee. Nyinyi hamkumkuta, kwa hivyo someni polepole hapa. Mzee Shee alikuwa fundi wa maabara, mtu wa Kisauni, wa zile nyumba ambazo babu wa babu alizaliwa chumba kilekile. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, nami nikaubusu kama nilivyolelewa, na hakuniachia.

"Hujambo mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mama hajambo? Baba je? Watu wa nyumbani wote? Majirani? Na kivuko nacho hakijambo?"

"Kivuko kibovu, mzee."

"Hakikosi. Na wewe umekula?"

Nikasema nimekula. Akaniangalia mato (yeye hakusema macho hata siku moja), akasema hujala, akanipa hamri. Mkono wake ulikuwa umepasukapasuka kwa sabuni ya miaka mingi, mipasuko kama ardhi ya kiangazi, na kila akimaliza kuosha vyombo aliupaka mafuta ya nazi kutoka chupa ndogo aliyoiweka mezani kwake. Ukinuka nazi na spiriti. Uwekeni akilini huo mkono. Utatutia taabani sote.

Alinifundisha kuosha kioo. Mnaposema kichupa ni safi kwa sababu kinang'aa, mnanikasirisha mpaka huku Likoni. Kung'aa hata kijiko cha hotelini kinang'aa. Mimina maji ndani, kiinamishe: maji yakiteremka kama shuka moja, ni safi. Yakisimama matone matone, kuna mafuta, rudia. Mzee Shee alinirudishia kichupa kimoja asubuhi nzima. Mchana nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, na nikajikuta natazama kama maji yanateremka kama shuka.

Sasa kazi yenyewe. Nyinyi mna digrii na mnaieleza kwa majina marefu mpaka wageni wanasinzia. Mimi nitaieleza kama alivyonieleza Mzee Shee, kwa viti.

Tulikuwa tunatengeneza fuwele. Unachukua chumvi ya shaba, ile ya buluu. Unachukua asidi ya unga mweupe, ambayo chembe zake ni kama vijiti vyenye kulabu ncha zote. Unayeyusha katika spiriti na maji kidogo, unafunika, unaweka kwenye tanuri la moto mdogo, unaondoka. Hapo hakuna mtu anayejenga kitu. Shaba inajishika na vijiti, vijiti vinajishika na shaba, vyenyewe kwa vyenyewe, mpaka vinakuwa wavu wa vyumba vidogo ambao jicho haliuoni. Unachoona wewe ni mawe madogo ya buluu, mazuri kama vito vya pete.

"Fikiri ukumbi wa harusi," Mzee Shee aliniambia. "Vile viti vya plastiki. Ukivipanga ukumbini kimoja kimoja, wageni wanakaa. Ukivirundika kimoja ndani ya kingine, ni viti vilevile, idadi ileile, hakuna kilichopungua. Lakini mgeni atakaa wapi?"

Basi fuwele zetu nazo ni hivyohivyo. Vitu vilevile, kipimo kilekile, chupa moja, lakini zinaweza kujipanga namna mbili. Namna ya kwanza ina nafasi ndani, na wageni wake ni maji: inayavuta kutoka kwenye hewa yetu hii ya pwani inayolowesha hata chumvi ya mezani. Namna ya pili ni nyavu mbili zilizovaana, mmoja ndani ya mwenzake, nafasi hakuna. Shuleni hii waliiita isoma, mwalimu akachora vijiti ubaoni, nami nikapata alama za huruma. Pale kazini ile ya nafasi tuliiita Ukumbi, na ile ya kubanana tukaiita Mrundo. Ukumbi ni buluu ya mbinguni, vipande bapa. Mrundo ni kijani cha giza, punje punje kama mchanga. Hata kwa sura unaona huyu ni mtu mwema na huyu ni mgomvi.

Juu ya paa kulikuwa na sanduku la kioo. Unamwaga unga wa Ukumbi kwenye sinia, unaliacha sanduku wazi usiku, unga unakunywa hewa. Asubuhi unafunga, jua linapiga, unga unatapika maji, yanateremka ukutani mpaka kikombeni. Maji ya kunywa, bila bomba na bila mkokoteni wa madumu. Mimi mtu wa Likoni, ambaye nimelelewa nikipanga foleni ya maji na ndoo kichwani, mara ya kwanza nilipoona lile tone, nilisahau kukasirika kwa muda wa kama dakika nzima.

Nilikwenda likizo ya uzazi, nikamzaa Rayyan, nikarudi, nikakuta Ukumbi imekufa.

Haikuwa imekufa, ilikataa kuzaliwa. Mrundo ilikuwa imetokea kwa bahati mbaya kwenye tanuri moja, Dakta akafurahi, akasema ni jambo jipya, tuisage, tuichunguze. Mzee Shee akaisaga kwenye kinu kidogo cha kauri wiki nzima. Tangu hapo, kila chupa tuliyoiweka tanurini ilitoa Mrundo. Tukapunguza moto, Mrundo. Tukabadilisha spiriti, Mrundo. Dakta akalaumu ndege, akalaumu umeme, akamlaumu fundi wa matairi. Tukamwaga Mrundo kwenye sinia, tukapanda paani asubuhi, tukakuta kioo kimepata ukungu kidogo kama wa mtu aliyepumua, na kikombe kikavu.

Kisha wafadhili wakasema watatuma mgeni mkuu. Akiona kikombe cha maji, maabara inabaki hapa. Asipoona, vifaa vyote vinapakiwa kwenda Nairobi, na wafanyakazi wanakaribishwa kuvifuata. Kukaribishwa! Mimi na mtoto anayenyonya, mume yuko melini, mama yangu Likoni ndiye anayenilelea. Nifuate tanuri Nairobi? Mzee Shee naye alibakisha muda mfupi tu astaafu. Akasema, "Mimi Nairobi nikafanye nini? Huko ananitambua nani?"

Siku moja Rayyan alilia mpaka alfajiri, kivuko kikakwama, na nikaingia kazini na matapishi ya maziwa begani. Sikumsalimu mtu. Nilipita kama upepo, nikavaa koti, nikachanganya vichupa vyangu huku nikitukana kimoyomoyo ukoo mzima wa bandari. Tanuri lilipofunguliwa, vichupa vyangu vilikuwa buluu ya mbinguni. Ukumbi! Vya Mzee Shee vyote kijani.

Baada ya siku chache nikanuna tena, kwa sababu nyingine ambayo pia ilikuwa ya haki. Ukumbi tena.

Hapo ndipo wanaume wawili wenye akili zao walipokaa wakaamua kwamba fuwele zinapenda hasira yangu.

Sikuambiwa. Nilichoona ni kwamba nikiingia asubuhi, Dakta Wekesa, ambaye hajawahi kuniuliza hali, sasa ana maneno. "Mama Rayyan, haya mahamri yako huwa magumu hivi au ni meno yangu?" Mahamri yangu! Nikachanganya vichupa bila kumsalimu mtu. Ukumbi. Kesho yake kandambili zangu nikazikuta juu ya tanuri. Ukumbi. Mzee Shee naye alipewa zamu, maskini, akajitahidi. Alisimama mlangoni, akakohoa, akasema, "Mwanangu, leo… leo buibui lako limekaa upande." Kisha akashindwa, akanishika mkono akasema, "Limekaa vizuri, niwie radhi, Mama Rayyan, mama hajambo?" Siku hiyo tukapata Mrundo, na Dakta akamwambia hukumuudhi vya kutosha.

Niliwafuma. Nilikuwa nyuma ya rafu ya spiriti nikamsikia Dakta ananong'ona, "Kesho ni mimi. Hebu niambie, watu wa Likoni huwa wanachukia nini zaidi?"

"Kuulizwa wanachukia nini," nikajibu mimi kutoka nyuma ya rafu.

Walinieleza. Nilitaka kuwapiga wote wawili na kile kinu. Lakini nikafikiria Nairobi, nikafikiria tanuri likipakiwa kwenye lori. Nikasema, "Sawa. Niudhini. Lakini mtu asimguse mtoto wangu kwa neno."

Dakta hajui mipaka. Siku ya tatu akaishiwa na maneno, akasema, "Huyo mtoto analia usiku kwa sababu anajua mamake amerudi."

Wallahi niliona giza. Nilikwenda kwenye meza yangu, machozi yanatiririka ndani ya miwani ya kinga, na mjue ile miwani haina mahali pa kutokea machozi. Dakta mwenyewe alishika mdomo. Mzee Shee akamwambia, "Wewe bwana umezidi," akanifuata, akanishika mkono wangu kwa yake miwili, akaupapasa, "Nisamehe mwanangu, msamehe na yeye, kwao hawajafunzwa." Nikajifuta, nikachanganya vichupa kwa hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena isipokuwa kwenye kliniki ya watoto.

Tanuri likafunguliwa. Mrundo mtupu.

Dakta alisimama na kichupa mkononi kama mtu aliyepewa chenji ya nchi nyingine. "Lakini leo alikasirika kuliko siku zote! Nilimwona! Alikuwa karibu aniue!"

"Bado niko karibu," nikasema.

Akakiweka kichupa mezani. Yule mtu ana kichwa, sitamnyima. Akaniuliza, "Siku ukija umenuna, unamsalimu nani?"

"Simsalimu mtu. Napita."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine mimi ni mtu mwenye adabu. Namsalimu Mzee Shee kwanza."

"Na leo?"

Sote watatu tuliutazama ule mkono. Mzee Shee mwenyewe aliutazama, umelala juu ya meza, unang'aa mafuta ya nazi.

Dakta alifanya jaribio. Jagi moja la mchanganyiko, meza tatu. Mzee Shee ajaze vichupa vyake. Mimi nimpe mkono Mzee Shee, kisha nijaze vyangu. Dakta, ambaye kazi ya vichupa alikuwa ametuachia sisi na hakuwa amempa mtu mkono tangu avuke Mariakani akija pwani, ajaze vyake. Tukavitia tanurini pamoja. Vya mzee vikatoka Mrundo. Vyangu Mrundo. Vya Dakta, buluu ya mbinguni. Tukarudia, ikawa vilevile. Kukosa adabu kulikuwa kumeshinda kisayansi.

Alitueleza akitumia viti vyetu. Mkijiuliza kwa nini chembe moja ya vumbi ivuruge chupa nzima, fikirini mwisho wa harusi. Watu bado wanakula, wapishi bado wanapakua, lakini mtu mmoja akianza kurundika viti pembeni, wa pili naye anarundika, na mara ukumbi wote unarundikwa, bibi harusi hajapata hata soda. Chembe ya Mrundo ikiingia kwenye chupa ndiyo huyo mtu mmoja. Dakta aliiita mbegu. Na Mzee Shee alisaga Mrundo wiki nzima, vumbi likaingia kwenye ile mipasuko ya mikono, mafuta ya nazi yakalishika, na kila asubuhi akatugawia.

"Mimi natawadha mara tano kwa siku!" Mzee Shee alisema. "Mnaniambia mkono wangu mchafu?"

"Si mchafu, mzee," Dakta akasema, "una mbegu tu."

Tulijaribu. Akaoshwa kwa sabuni, kwa spiriti, kwa ndimu. Tukachoma taulo lake, tukabadilisha koti, tukatupa ile chupa ya mafuta, na alitutazama kama tumemzika ndugu. Bado Mrundo. Nyinyi wa glavu najua mtasema glavu. Glavu mnaivaa kwa nini? Kwa mkono uleule uliotoka kusalimia. Mnaichomoa kwenye boksi kwa nini? Mkono uleule. Haya.

Ikabidi Mzee Shee asiguse kitu, na asimguse mtu. Dakta akasema yeye hawezi kumwambia. Akanigeukia. "Wewe ndiye mwenye uso wa kukataa."

Nilimwambia mzee jioni, akatikisa kichwa, akasema ameelewa. Asubuhi akasahau. Nilipoingia, aliinuka kama kila siku, mkono ukaja. Mimi nikautia wangu mfukoni mwa koti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba…"

Ule mkono ulining'inia kati yetu kama kanga iliyosahauliwa kambani. Aliutazama kama si wake. Ndio ulionishika siku ya kwanza, ndio ulionirudishia kile kichupa asubuhi nzima mpaka nikajua kazi. Kisha akaulaza kifuani pake, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Mama hajambo?" Nikasema hajambo. Nikaenda chooni. Safari hii sikutazama maji yanateremka vipi.

Akalihamisha benchi lake barazani, nje ya dirisha. Akatufundisha kazi kupitia vioo vya dirisha. "Tikisa polepole! Hiyo si sharubati!" "Dakta, usikae karibu na tanuri, unapumua sana!" Habari ikavuka maji. Mama yangu akanisubiri mlangoni Likoni na mtoto kiunoni. "Eti umemnyima mzee wa watu mkono? Nilikuzaa mimi, au nilibadilishiwa hospitali?" Nikamweleza mbegu, viti, harusi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hivyo unamnyima mkono." Hakuna cha kuongeza hapo.

Lakini Ukumbi ikarudi. Vichupa kwa vichupa, buluu ya mbinguni, mpaka sinia likajaa. Dirishani kwa ndani tuliweka meza ya vichupa vipya, vile ambavyo vilikuwa havijaingia tanurini, ili Mzee Shee avione.

Mgeni mkuu akaja na watu wake. Tulidhani atakuwa kijana wa tai. Akaja mzee wa makamo, kanzu nyeupe na koti, mtu wa pwani kabisa, aliyekaa ng'ambo miaka mingi na bado anajua kuvua viatu mlangoni. Akapanda barazani, na wa kwanza kukutana naye ni nani? Mzee Shee, amekaa kwenye benchi lake.

"Assalamu alaikum," akasema mgeni, mkono umenyooshwa.

"Waalaikumu salaam," Mzee Shee akajibu, akasimama. Na akaitia mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo.

Hatukumfundisha aseme nini mtu kama huyu akija. Mkono wa mgeni ukabaki hewani. Watu wake wakatazamana. Dakta kwenye mlango akageuka rangi ya chokaa. Nami kwa ndani, nyuma ya kioo, niliona uso wa Mzee Shee. Angeupokea tu ule mkono nani angejua? Mtu aliyewauliza hali hata wezi. Aliutazama mkono, akatazama dirishani kwenye vichupa, akatazama tena mkono. Jasho linamtoka. Hakuutoa wake.

"Kwani mzee mwenzangu," mgeni akasema taratibu, "nimekukosea nini?"

Mzee Shee akafungua mdomo, maneno hayakuja. Yangu yakaja. Nilifungua dirisha kwa nguvu.

"Hujamkosea! Akikupa mkono, wewe utaingia humu ndani utashika vichupa, na kila ulichokishika kitarundikana kama viti vya harusi, na hutaona maji, na tutahamishwa Nairobi na mimi nina mtoto mchanga! Unadhani anapenda? Huyu angekuuliza hali mpaka ya paka wako! Amenyimwa mkono na sisi sote kwa ajili ya hicho kikombe chako, sasa na wewe unamuuliza amekosewa nini!"

Ndege ikapita, vichupa vikagonganisha meno.

Mgeni akamgeukia Mzee Shee. "Hasira hizi ni za kila siku?"

"Za kila siku, bwana," Mzee Shee akasema. "Ndizo zilizotufikisha hapa."

Yule bwana alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akatia mikono yake nyuma ya mgongo, kama Mzee Shee, na watu wake wote wakafanya vivyo hivyo, mmoja na begi lake la kompyuta limening'inia kwa nyuma. Wakazunguka maabara nzima mikono mgongoni, kama bata wanakagua gwaride. Tukapanda paani. Jua lilikuwa limepiga, kioo kinatiririka, na chini yake kikombe kimejaa. Akakinywa chote.

"Hayana ladha," akasema.

"Ni maji," nikamwambia. "Ulitaka pilau?"

Tukabaki. Tanuri halikwenda popote.

Mzee Shee alistaafu baada ya muda, akarudi Kisauni, na mahali pake mkaja nyinyi. Mlitukuta tunasalimiana kwa kulaza kiganja kifuani na kuinamisha kichwa, mkadhani ni masalia ya korona. Sasa mnajua. Na mimi mnavyonijua, kila nikienda kumwona nilisimama pale kizingitini kwake, kiganja kifuani, kwa sababu kesho yake nilikuwa na zamu. Alikuwa ameshazoea. Hata Rayyan, mzee alimfunza kusalimia hivyo.

Siku mliyonikatia keki sikwenda Likoni moja kwa moja. Mama alikuwa ameniletea watoto hadi kivukoni, nikawachukua tukaenda Kisauni, na ile saa yenu kwapani. Mzee Shee alikuwa kibarazani anapaka mafuta ya nazi. Kuniona tu, akainuka akalaza kiganja kifuani.

"La," nikamwambia. "Leo lete."

"Mwanangu, kazi je?"

"Lete mkono, mzee."

Akaniangalia mato kwa muda. Akaleta. Nikaupokea kwa mikono yangu miwili, nikaubusu, na hakuniachia. Mama hajambo? Hajambo. Watu wa nyumbani? Wote. Na Dakta, bado anatembea mbio? Bado. Na tanuri nalo halijambo? Na kivuko je? Alikuwa na maswali ya miaka, na alimaliza yote. Rayyan akaubusu upande mmoja. Mdogo wake akaulamba, kwa sababu una nazi.

Kwa hivyo zamu ya Jumanne tafuteni mtu mwingine. Nikiingia humo nitawaharibia kila chupa. Osheni vizuri, maji yateremke kama shuka. Mimi ninayo mbegu sasa, na sinawi.